SOMO: Gesi ya kupikia kwa samadi na maganda ya ndizi

Wakuu, mwenye ng'ombe hata wawili wa ndani na migomba nyuma ya nyumba hana sababu ya kuteswa na bei ya mkaa. Kazi yote inafanywa na bakteria wasiotaka hewa, wanakula mabaki wanatoa methani, na hiyo methani ndo inayowaka. Pale Hale, Tanga walishatoa mpaka umeme kwa mabaki ya mkonge.

1. Tafuta matanki mawili, la lita 1000 na la 750. Yakate vichwa yote, dogo lifunike kichwachini ndani ya kubwa, gesi ikijaa linapanda lenyewe. Bomba la kulishia lifike karibu na chini, la kutolea uchafu liwe juu upande wa pili, vali ya gesi ikae kwenye kitako cha tanki dogo ambacho sasa kiko juu. Weka juani.

2. Anza na samadi mbichi TU, ndoo kwa ndoo na maji, koroga iwe uji, toa mawe na majani. Maji ya sabuni au ya dawa ya kuogeshea ng'ombe yasiingie humo kabisa, utaua bakteria wote.

3. Subiri wiki mbili mpaka nne. Gesi ya mwanzo haiwaki vizuri, kaboni dayoksaidi imezidi na kuna hewa imebaki ndani, kwahiyo usijaribu kiberiti, ifungulie itoke yote mbali na moto.

4. Ikishawaka bluu lisha ndoo moja ya lita 20 kwa siku, na hapa ndo wengi wanaharibu maana wakiona gesi wanamwaga maganda toroli zima. Anza na kilo moja hivi yaliyokatwakatwa sana, changanya na samadi, ongeza taratibu. Mabua makavu ya mahindi mpe ng'ombe alalie, humu yanaelea yanafanya gamba juu.

MASWALI

Mkuu, yangu imeanza kunuka uchachu na moto umefifia?
Umeilisha kupita kiasi, asidi imezidi. Acha kulisha siku kadhaa kisha rudi na samadi peke yake, pH (kipimo cha uchachu) ikirudi 7 hivi endelea.

Huku kwetu Lushoto baridi, itafanya kazi?
Itafanya ila polepole. Bakteria hawa wanapenda nyuzi 30 hadi 37, funga tanki nyasi kavu na plastiki nyeusi, maji ya kuchanganyia yaanike juani kwanza.

Kuna harufu ya yai viza jikoni, ni kawaida?
Hapana dada, hiyo inavuja! Funga vali, fungua madirisha, usiwashe chochote. Pakaa povu la sabuni kwenye maungio yote, penye mapovu ndo pabovu. Harufu yenyewe inapungua ukipitisha gesi kwenye stiliwaya yenye kutu ndani ya bomba.

Uji unaotoka je?
Mwaga kwenye migomba, nitrojeni bado imo.