Kukadiria makovu ya ini kwa damu kwa mgonjwa wa kichocho cha tumbo

Kabla ya kuchukua damu, muulize mgonjwa amewahi kuishi wapi. Anayepimwa leo Dodoma huenda alikulia Ukerewe au pembezoni mwa ziwa kule Mwanza, akiogelea na kuchota maji humo, na kichocho cha tumbo ndicho kinachoachia ini makovu. Kichocho cha mkojo hushambulia zaidi kibofu.

Agiza FBP (hesabu kamili ya chembe za damu) pamoja na vimeng'enya vya ini, AST na ALT. Chupa ya FBP, yenye kifuniko cha zambarau, ijae hadi mstari, kisha igeuzwe polepole mara nane hadi kumi. Ukizembea hapo chembe sahani (zile zinazogandisha damu) hushikamana, na mashine huhesabu pungufu. Zikisomeka chini ya 150 (yaani 150,000 kwa mikrolita), tazama slaidi kwenye hadubini kwanza. Sampuli ya AST itenganishwe palepale zahanati kabla ya kusafirishwa kutoka Mpwapwa au Kongwa. Ikikaa kwenye joto na kutikiswa barabarani, chembe nyekundu hupasuka na AST hupanda bure. Seramu yenye wekundu usiipime, chukua damu nyingine.

Kwa majibu hayo, kokotoa alama mbili za kukadiria makovu ya ini:

APRI = (AST ÷ ukomo wa juu wa kawaida) × 100 ÷ chembe sahani
FIB-4 = (umri × AST) ÷ (chembe sahani × kipeuo cha pili cha ALT)

Chembe sahani 84,000 kwa mikrolita huingia kama 84. Tuseme mgonjwa ana miaka 38, AST 52 (ukomo 40), ALT 36. APRI inatoka 1.55, FIB-4 3.92. Kwa mipaka iliyozoeleka, 1.5 kwa APRI na 3.25 kwa FIB-4, ini lina makovu. Sasa mpe majibu yaleyale kijana wa miaka 19: FIB-4 inashuka hadi 1.96, kana kwamba ini lake ni zima zaidi. Umri tu ndio uliobadilika! Kwa vijana, FIB-4 isikutulize.

Mipaka hiyo ilitokana na wagonjwa wa homa ya ini C. Kwenye kichocho kovu huzunguka matawi ya mshipa unaoingiza damu kwenye ini, chembe za ini zenyewe zikibaki nzima kwa sehemu kubwa, hivyo AST inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Kinachosaliti ugonjwa ni chembe sahani, kwa kuwa wengu uliovimba huzizuia. Zitazame peke yake kabla ya kutazama jibu la hesabu.

Malaria nayo huzishusha, kwa hiyo itibu na urudie FBP baada ya wiki kadhaa. Pombe hupandisha AST. Homa ya ini B ipimwe kwa kila mgonjwa, maana huleta makovu yake yenyewe.

APRI ikiwa juu au wengu ukishikika, mpeleke ultrasaundi. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo, huua minyoo, lakini chembe sahani zinaweza kubaki chini kwa muda mrefu. Aliyewahi kutapika damu asisubiri hesabu yoyote: apelekwe hospitali yenye endoskopi (kamera ya kutazama ndani ya umio na tumbo) siku hiyohiyo.