Mshipa wa moyo ukitoboka mgonjwa akiwa mezani

Wenzangu wa kathlabu (chumba cha kuzibua mishipa ya moyo), hii ishu haitokei kila siku ndo maana ikitokea watu wanaduwaa. Umepuliza puto kupanua mshipa, unapiga rangi ya eksirei kucheki, na rangi badala ya kufuata mshipa inamwagika pembeni, inasambaa kama wino kwenye maji.

Kwanza kabisa waya uliopitishia puto usiutoe. Mkono utataka kuvuta kila kitu nje, uzuie, maana waya ukitoka njia imepotea na kurudi mle ndani ni kudra tu.

Pili, ziba. Puto mara nyingi bado liko kwenye waya, lisogeze kwenye tundu au nyuma yake kidogo kule damu inakotokea, saizi iwe sawa na mshipa, puliza taratibu, atmosfia (kipimo cha presha ya puto) 2 mpaka 6 zinatosha, ubabe hautakiwi hapo. Piga rangi tena. Bado inavuja? Basi hujaziba. Ikisimama mwambie nesi ahesabu dakika kwa sauti, 5 mpaka 10 kama mgonjwa anavumilia, kifua kitamuuma na ECG (mchoro wa umeme wa moyo) itabadilika sababu misuli ya kule mbele haipati damu.

Puto likishakaa ita eko (ultrasaundi ya moyo) na daktari wa upasuaji, usingoje presha ianguke. Kuna bibi mmoja mshipa wake ulijaa chokaa na mimi nikamchagulia puto kubwa kupita kiasi (kosa langu hilo), presha 130 anaongea vizuri kabisa, mara 60. Tukamchoma chini ya chembe cha moyo tukapitisha pigteli (mrija wa kutoa damu iliyojaa kwenye mfuko unaozunguka moyo na kuubana), damu ya mwanzo tu ilipotoka presha ikapanda tunaiona.

Tatu, shusha puto ukague. Kama bado inavuja, weka stenti iliyovikwa (kijibomba cha waya chenye utando wa kuziba tundu). Ni nene na kona haizipendi, kwa hiyo mimi hupitisha katheta (mrija wa kupitishia vifaa) ya pili paja la upande mwingine huku puto la kwanza linaendelea kuziba, unalishusha sekunde chache tu vitu vipite. Tundu likiwa mwisho kabisa, la ncha ya waya, stenti haifiki huko: sukuma koili (kijiwaya kinachojikunja na kuziba), au kipande kidogo cha mafuta ya chini ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe, kinaziba vizuri tu.

Protamini, inayoondoa nguvu ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), miligramu 1 kwa uniti 100 za heparini, siikimbilii vifaa vikiwa bado ndani, damu itaganda humo ukawa na shida mbili.

Wodini rudia eko, hasa huyu aliyetobolewa na ncha ya waya, anavuja polepole na anaweza kuzidiwa saa nane za usiku wewe umeshalala.