Udongo wa kibustani: tumia machicha ya chai

Wale mnaotengeneza vinyumba vya midoli na vibustani vyake, acheni kuweka udongo wa kweli, wekeni machicha ya chai, nimeijua juzi nikitengeneza kishamba cha msimu wa mvua hapa Mbeya. Ukishachuja chai ya rangi isiyo na sukari anika majani yakauke kabisa, paka gundi nyeupe ya mbao uliyoizimua na maji kidogo, nyunyizia majani hayo juu yake, gandamiza na kidole basi. Inakubali sababu ya saizi, kwenye skeli ya 1:12 punje ya milimita 1 ni sawa na donge la milimita 12, kwa hiyo chai laini inaonekana tifutifu kabisa na inabaki nyeusinyeusi kama shamba lililotoka kunyeshewa, udongo wenyewe ukikauka unapauka na kumeguka. Ila msimu wa mvua huku kwetu jua lenyewe la kubahatisha, yakibaki na unyevu yanaota kuvu na kazi yote inaharibika, bora uyageuze kwenye kikaango kikavu, moto mdogo sana. Chai ya majani makubwa haifai, inaonekana takataka tu.