Rangi za chuo zisigeuke kati ya skrini na karatasi

Ukipewa kazi ya bango au vyeti vya chuo kikuu, kabla hujafungua programu yoyote omba kwanza mwongozo wa rangi wa chuo chenyewe. Usidonoe rangi kwenye nembo iliyorushwa WhatsApp, ile picha imeshabanwa na rangi yake imeshahama kidogo, na hicho kidogo ndo kinakuja kuonekana bango likiwa la mita tatu.

Rangi moja ina majina kadhaa. Chukua buluu ya Oxford, kwenye wino ni Pantone 282, kwenye wavuti ni #002147, na hiyo #002147 ukiisoma kwa RGB, yaani viwango vya mwanga mwekundu, kijani na buluu, ni 0, 33, 71, yaani ni kitu kilekile kimeandikwa njia mbili na zote mbili ni za skrini tu. CMYK ni ya mashine inayochapa kwa wino nne: siani (buluu ya maji), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Pantone ni wino unaochanganywa kabisa kabla ya kuingia mashineni, ndo maana hautoki tofauti tofauti, ila unaongeza gharama.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaumia. Skrini inawaka, karatasi haiwaki, so kuna rangi za RGB ambazo wino hauzifikii hata ufanyeje. Mimi nilishaletewa mabango ya mahafali buluu imetoka zambarau, na wazazi wakapiga picha mbele yake siku nzima, iliniuma sana. Sababu ilikuwa majenta nyingi mno, ukiweka siani 100 na majenta 100 unapata zambarau, shusha majenta angalau pointi 30 chini ya siani. Na kama mwongozo umetoa namba za CMYK ziandike mwenyewe kwa mkono, usiiachie programu ibadilishe.

Angalia na karatasi. Herufi C mwishoni mwa namba ya Pantone ni ya karatasi ya kung'aa, U ni ya karatasi ya kawaida, ambayo inakunywa wino na rangi inafifia. Omba prufu, yaani nakala ya majaribio kabla ya kuchapa zote, kaiangalie dirishani mchana, taa za ndani zinadanganya.

Kwenye wavuti jali wenye macho hafifu. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5:1, makubwa 3:1. Nyeupe juu ya #002147 inafika kama 16:1, safi kabisa, lakini njano ya #FFCC00 juu ya nyeupe ni kama 1.5:1 tu, hiyo haisomeki, ifanye mstari au mandharinyuma ya maandishi meusi.

Za kuchapa tuma PDF ya CMYK, za wavuti faili ya SVG au PNG iliyo kwenye sRGB, ile RGB ya kawaida ya skrini. Fulana za kutarizi hazina wino, nenda na karatasi iliyochapwa vizuri uilinganishe na nyuzi zenyewe kabla fundi hajaanza.