Faya briki za tanuru: uliza kwanza nini kitaligusa tofali

Watu wengi wakifika dukani kununua faya briki, yaani tofali la kuhimili moto mkali, swali ni moja tu, hili linahimili digrii ngapi, wakiambiwa 1400 wanalipa wanabeba. Mimi kazi yangu ni kujenga matanuru ya kuyeyushia skrepa na nawaambia hilo swali halitoshi kabisa. Alumini inayeyuka kwenye digrii 660 tu ila inakula tofali la 1400.

Hatua ya 1: kitakachogusa tofali. Hapa usikimbie. Faya briki ya kawaida ya udongo ina silika (madini ya mchanga) nusu au zaidi, sasa alumini ya moto inaipora ile silika oksijeni yake, inapenya ndani, tofali linakuwa jeusi, na pale juu kwenye usawa wa metali kunaota gamba la korandamu, yaani fuwele za oksidi ya alumini, gumu ajabu. Tanuru moja nilijenga beseni lake, pale metali iliyoyeyuka inapokaa, hivyo, ikabidi nirudi kulibomoa na ile kazi nilivunja patasi mbili. Siku hizi beseni la alumini naweka tofali la alumina (oksidi ya alumini) nyingi lenye dawa ya kuzuia metali isishike. Kwa wanaoyeyusha chuma cha pua au steel angalieni slagi, ule uchafu unaoelea juu ya metali, ikiwa na chokaa nyingi weka tofali la magnesia (oksidi ya magnesi), ikiwa na mchanga mwingi magnesia italiwa. Na magnesia ifunikwe vizuri stoo maana unyevu unaipasua.

Hatua ya 2: joto. Pima kwenye moto wa bana (kichomeo), sio kwenye metali, pale pana joto zaidi. Afu digrii za kwenye katoni ni za tofali lisilobeba kitu, kwahiyo kama ni la kuba la juu uliza linaanza kulegea kwenye digrii ngapi likiwa na mzigo.

Hatua ya 3: tofali jepesi la kuzuia joto liende nyuma. Daraja la 23 linafika 1260 lakini limejaa vitundu, likigusa metali linainyonya.

Hatua ya 4: likague kwa mkono. Saizi ya kawaida ni milimita 230 kwa 114 kwa 64 au 76, pima kadhaa, yakipishana viungo vitakuwa vinene. Gonganisha mawili, yalie kama kengele. Vunja moja utazame ndani, madoa meusi mengi ni chuma, na tanuru lenye moto wa moshi mwingi gesi yake inaacha kaboni kwenye hayo madoa, kati ya digrii 400 na 700 hivi, tofali linapasuka lenyewe bila kuguswa.

Hatua ya 5: motari iwe ya ukoo uleule wa tofali, kiungo kisizidi milimita 2, saruji ya nyumba hapana jamani, itakuwa vumbi. Ukimaliza washa moto mdogo, kaa kwenye 110 mpaka 120 masaa mengi, usipandishe mpaka uone mvuke umeisha kabisa.