Namna ya kuwaelezea vijana wa Bukavu habari ya Wasami

Kama wamekuomba uongee juu ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini ya Ulaya, usianzie Norwe, anzia Kahuzi-Biega, ju kila mutu hapa anajua vile Batwa walitoshwa mu pori sababu ya parke, hapo watakusikia mbio. Njo unavuka: Wasami wako Norwe, Uswidi, Finlandi na Urusi, na wao pia leta (serikali) iliwakuta kwao.

Usiseme "Lapp", ile ni matusi. Na usiseme wote wanachunga kulungu wa baridi, wengi wanaishi mu miji tu kama siye.

Kwa Fosen, fasi moja ya Norwe kwenye Wasami wanachungia kulungu, kaa sana. Tarehe 11/10/2021 korti kubwa ya Norwe ilisema mashini za umeme wa upepo zinavunja haki ya wachungaji, lakini zikaendelea kuzunguka, mupaka 2023 vijana wakaenda kukaa chini mu ofisi ya waziri kule Oslo (mimi hapo nilicheka kwa uchungu). Mutu atakuuliza tu sheria yetu ya 2022 juu ya Batwa imeleta nini, muache aulize.

Bunge ya Wasami wa Norwe, ya 1989, itaje mbio mbio: kuchagua lazima ujiandikishe, useme uko Musami, na luga ya Kisami ilisemwa kwenu, hata kama ni na babu wa muzazi wako.