Ukihama na mtoto Uganda, uliza kwanza kadi yake inaishia wapi

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Kiswahili nilikipata kambini Jinja, baba alikuwa askari. Mume wangu ni mtu wa stoo, na kampuni yake humhamisha kama gunia la maharage: Kampala, Arua, sasa huku mpakani. Mtoto wetu wa kwanza alianzia Rukungiri kwa bibi yake. Kwa hiyo watoto wangu watatu wamewahi kuwa na bima, wakaikosa, wakaipata tena, na wakati huo wote walikuwa katika nchi moja.

Shika jambo hili kabla ya lingine lolote: Uganda haina bima ya afya ya taifa zima. Bunge lilipitisha muswada wake Machi 2021, Rais hakuusaini, na umebaki hivyo. Kwa hiyo bima ya mtoto imefungwa ama kwenye kazi ya mzazi, ama kwenye hospitali fulani. Ukihama, mtoto anahama na bima inabaki.

Anza na swali la unaishi wapi. Kama uko kusini magharibi, usikimbilie kampuni za Kampala. Hospitali ya Kisiizi, Rukungiri, ina bima ya wanavijiji tangu 1996. Bwindi, wilaya ya Kanungu, walianza yao 2010. Bushenyi pia, na hata Luweero iliyo katikati ya nchi, viko vikundi vya namna hiyo. Huko huingii peke yako, unaingia na kikundi, na Kisiizi walijenga bima yao juu ya engozi. Kwa asiyejua, engozi ni machela ya kusuka. Mgonjwa analazwa ndani, wanaume wanne wanaibeba mabegani kushuka mlima, wengine wanafuata nyuma kupokezana. Vijiji vingi vya huko vina chama chao cha engozi, na chama hichohicho ndicho kinachozika. Watu waliozoea kubebana hawakuhitaji kufundishwa kuchangiana.

Mama mkwe wangu alilipa mchango wa nyumba nzima kupitia chama chake, na jina la mtoto wangu likaandikwa pale pamoja na wajukuu wengine. Mtoto alipougua kifua, bibi alitoa pesa kidogo tu dirishani, iliyobaki ikabebwa na bima. Ukitaka kuingia, mtafute mwenyekiti wa chama cha kijiji chako, uliza msimu wa kulipa ni lini, na waandikishe watoto wote, hata yule mzima asiyekohoa. Wenye bima hizi hawapendi mtu alete mgonjwa peke yake na kuwaacha wazima nyumbani, na mimi nawaelewa: wakiingia wagonjwa watupu, mfuko unakauka kabla ya mavuno.

Kampala ni habari nyingine. Huko mwenye bima ni yule aliyeajiriwa na kampuni inayolipa. Dada anayeuza nyanya soko la Owino hana, hata kama kipato chake kinampita karani. Kama mume au wewe mnayo, omba karatasi ya mafao, usiridhike na kadi. Isome ukiwa na kalamu. Tafuta mambo haya: watoto wangapi wanaruhusiwa, mpaka umri gani, mtoto mchanga aandikishwe ndani ya siku ngapi tangu azaliwe, kikomo cha pesa kwa mwaka, cha kulazwa na cha kutibiwa na kurudi nyumbani, muda wa kungojea kabla bima haijaanza kufanya kazi. Halafu nenda kwenye yale wasiyolipia. Magonjwa ya kuzaliwa nayo mara nyingi yako hapo, maana yake sikoseli inaweza kuwa nje. Wazazi kutoka Lango, Acholi na Busoga, ambako sikoseli imeenea zaidi, naomba msiuruke ukurasa huo.

Sasa Arua, mji wa West Nile, kaskazini magharibi. Hapa ndipo nilipolipia karo yangu. Tulihamia tukiwa na kadi ya kampuni, nimeifunika plastiki isichafuke. Kitinda mimba akapata homa usiku, asubuhi nikapanda boda mpaka kliniki moja yenye vioo. Binti wa dirishani aliigeuza kadi mara mbili, akaangalia orodha iliyobandikwa ukutani, akanirudishia kwa vidole viwili. "Mama, hii huku haifanyi kazi." Mtoto mgongoni anawaka moto. Nikalipa mwenyewe shilingi 40,000 za mwanzo, na walipotaja nyingine za kumlaza nikaondoka. Kadi haikuwa na kosa. Ilikuwa na orodha ya hospitali, na mimi sikuwahi kuiomba.

Nilikwenda kituo cha afya cha serikali, cha ngazi ya tatu. Walimtoboa kidole, wakapima malaria, wakanipa dawa, sikulipa kitu. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia za hospitali kubwa. Huko Kaskazini na West Nile, ambako bima ni chache mno, hiyo ndiyo bima ya watoto wengi. Karibu na makambi ya wakimbizi kama Rhino Camp na Bidi Bidi, vituo vinahudumia mkimbizi na mwenyeji kwenye foleni moja. Gulu kuna Lacor, hospitali ya misheni inayojulikana kwa kutoza watoto ada ndogo. Na kuna jambo linaloniuma: bima hizi za vijiji zimeshamiri zaidi kusini magharibi, kwenye milima ambako mbu ni wachache, na zinakosekana West Nile na Lango ambako malaria inalala na watoto kitanda kimoja.

Bure lakini ina adabu zake. Nenda na daftari la kurasa 32, moja kwa kila mtoto, maana historia ya ugonjwa inaandikwa humo. Ukichanganya watoto kwenye daftari moja, nesi atakugombeza na ana haki. Fika mapema. Weka akiba ya dawa, kwa sababu siku nyingine unaandikiwa ukanunue nje, na hiyo ndiyo gharama ambayo neno "bure" halikuambii. Kadi ya chanjo usiiache nyumbani. Chanjo ni bure wilaya zote, na tangu Aprili 2025 wilaya zenye malaria nyingi zinatoa chanjo ya malaria mtoto akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Ukihama katikati ya dozi, kadi ndiyo itakayomwambia nesi mgeni umefikia wapi.

Karatasi nyingine ni cheti cha kuzaliwa kutoka NIRA, ofisi ya serikali inayosajili watu. Kifuatilie mapema, jina liandikwe sawa na lililo kwenye kadi ya chanjo na kwenye fomu ya kampuni. Mwanangu wa pili alikuwa na herufi moja zaidi kwenye fomu, ikatugharimu wiki tatu za kupiga simu.

Hapa Busia kuna kishawishi chake. Kenya walianza bima yao mpya ya SHA Oktoba 2024, na kila mtu ana binamu ng'ambo ya mpaka. Usiazime kadi ya mtoto wa mwingine. Daktari atasoma kundi la damu na mzio wa dawa wa mtoto ambaye siye aliyelala kitandani.

Tulipoambiwa tunahama Arua, nilimtuma mume ofisini na maswali matatu kwenye karatasi: hospitali gani Busia au Tororo ziko kwenye orodha yenu, zinapokea watoto usiku, na tukipelekwa Mbale kwa rufaa nani anatoa kibali? Akasema nawasumbua. Nikamwambia majibu nayataka kwa maandishi. Barua ilikuja Alhamisi, godoro tukalipakia Jumamosi.